Pua ya Kuazima

Msusi wa chumba cha mbele ndiye aliyeanza, na akishaanza yeye hata kuta hutega sikio. Alisema Mama Vichwa, muuza supu wa pale uani, siku hizi haendi tena sokoni kuchukua vichwa vya samaki, anaviokota jalalani. Alisema ameona kwa macho yake. Alipobanwa kidogo, akasema ameambiwa na mtu aliyeona kwa macho yake.

"Shoga, na wewe bado unainywa ile supu?" akamuuliza mwanamke wa chumba cha mwisho, vidole vyake vimezama kwenye nywele za mteja. "Tena unanyonyesha! Mtoto ataota magamba."

Mteja akacheka. Mwanamke wa chumba cha mwisho naye akacheka, kicheko cha mtu asiye na nguvu za kubishana. Pale uani walimwita Mama Usingizi, kwa sababu siku moja alisinzia wima bombani, ndoo ikafurika, maji yakaingia hadi chumbani kwa watu, naye bado amelishika bomba kama aliyeshika mkono wa mchumba. Jina hakulikataa. Mtoto wake hakujua usiku ni wa nini, na baba mtoto alikuwa na kibarua cha mbali, anakuja na kuondoka kama mgeni.

Ile supu ndiyo iliyokuwa ikimsimamisha. Tangu atoke kujifungua, Mama Vichwa alimtengea kikombe kila asubuhi, kabla hata mafundi wa gereji hawajaja kunywa. "Kunywa, maziwa yashuke," alisema, basi, anarudi kwenye jiko lake. Mama Usingizi alikaa kwenye kigoda na mtoto begani, akamwangalia akifanya kazi mpaka kazi ikamwingia kwa macho.

Mama Vichwa alichukua vile wasivyovitaka wengine: vichwa, mifupa ya mgongo, mapezi, mikia. Alitoa matamvua kwanza, yale mashavu ya kupumulia, maana yakibaki supu huwa chungu kama dawa. Akaloweka kwenye maji ya chumvi na ndimu, akamwaga, akaloweka tena, mpaka maji yatoke bila damu. Alibandika kwa maji baridi na moto wa kubembeleza. "Ukiichemsha kwa hasira inakuwa maji ya sabuni," alisema. Povu alilienguaengua kwa kijiko, wala hakuondoka hapo, mgongo umepinda, mkono mmoja kiunoni. Mwisho alichuja kwa kitambaa. Yale maji yaliyochujika, mazito, yakipoa yanatetemeka kama uji wa mgonjwa, aliyaita mama wa supu. Mengine aliyauza hivyohivyo kwa mpishi wa hoteli ya jirani, mengine aliyatia tangawizi, pilipili manga na kitunguu cha kukaanga, yakawa supu ya mafundi.

Kazi hiyo ilimchosha, kila mtu aliona. Alikuwa mjane, na mwanawe wa pekee, anayekaa mji mwingine, hakuacha kumpigia simu aende akapumzike kwake. Mama Vichwa alijibu kwa sauti ya juu, kama vile simu ni kiziwi: "Sufuria bado linachemka, baba. Likipoa nitakuja." Akikata simu alisema taratibu, "Nikakae kwa mkwe kama furushi la nguo? Niombwe miguu ipishe ufagio?"

Kisha, wiki chache kabla ya umbeya huo wa msusi, yakaja mafua makali, yakamlaza. Aliponyanyuka akarudi jikoni amepungua, na supu nayo ikawa si ile. Si kila siku. Leo nzuri, kesho ina harufu ya kitambaa cha kudekia kilicholala na maji. Siku ya kwanza Mama Usingizi alibana pumzi, akasema, "Tamu, mama," akaenda kuimwaga nyuma ya bafu. Mafundi nao walikunywa vijiko viwili vitatu, wakashika matumbo. "Leo tumeshiba, mama. Mungu akubariki." Wakalipa kwa heshima zote, na kesho yake wakapita ng'ambo ya barabara. Nani amwambie mwanamke wa umri wa mama yake kwamba chungu chake kinanuka? Nyuma yake waliongea wote. Mbele yake, adabu tupu.

Ikafika siku jua likapanda, vikombe vimepangwa vikavu, sufuria limejaa pomoni. Alipita fundi mmoja tu, aliyezoea kukaa pale na kutaniana naye.

"Karibu, baba. Ya moto."

"Nimefunga leo, mama."

"Umefunga, na huo mua mdomoni?"

Fundi akautema mua, akacheka kwa aibu, akaenda zake. Mama Vichwa hakucheka. Alikaanga kitunguu kingine, pengine watakuja mchana, kisha akageuka kumtazama Mama Usingizi.

"Watu wangu wamekwenda wapi?"

Mama Usingizi akainama kumfuta mtoto mdomo. Kikaango kilikuwa nyuma ya Mama Vichwa, karibu sana na mgongo wake. Kitunguu kilipita kwenye wekundu, kikawa cheusi, harufu ya kuungua ikajaa uani, msusi akakohoa kule mbele na mtoto akapiga chafya. Mama Vichwa alikaa tu anasubiri jibu, uso umetulia.

"Mama, kitunguu kinaungua."

"Kinaungua?" Akageuka. Alikiangalia kwa macho kwanza, ndipo akakiepua.

Mama Usingizi akahamisha mtoto bega la pili. "Mama, tangu lini husikii harufu?"

Mama Vichwa alifuta mikono kwenye kanga, ingawa ilikuwa mikavu.

"Tangu mafua. Nilisema itarudi. Nimejifukiza mpaka ngozi imebabuka."

"Sasa samaki unawajuaje?"

"Kwa macho. Jicho liwe angavu, matamvua yawe mekundu. Lakini yule mkata samaki wa sokoni ameniona nimedhoofika, kanihurumia, siku hizi ananitolea matamvua yeye mwenyewe, anavipasua vichwa, anaviosha kwa barafu. Vya leo na vya jana vinang'aa sawasawa. Nami namwambia asante." Akamkazia macho. "Ilikuwa inanuka?"

"Kidogo tu, mama."

"Kidogo kiasi gani? Wewe ulikuwa unakunywa?"

"Nilikuwa... namwaga."

"Wapi?"

"Nyuma ya bafu."

"Kumbe ndiyo maana paka wote wamehamia huko! Nikadhani wamefiwa."

Wakacheka wote wawili, mtoto akatingishika kwa kicheko cha mama yake. Kikaisha haraka. Mama Vichwa akashika sikio moja la sufuria, Mama Usingizi la pili, mtoto amefungwa mgongoni, wakalibeba hadi kwenye mfereji wakalimwaga lote. Simu ikaita dirishani. Mama Vichwa aliisikia, akaiacha iite mpaka ikachoka.

"Ni yule mwanangu," alisema. "Nikipokea sasa hivi, nitasema ndiyo, nakuja."

Alikaa juu ya sufuria tupu alilolifudikiza. Kwa mara ya kwanza Mama Usingizi aliona jinsi vidole vyake vilivyochanwachanwa na miba, makovu juu ya makovu, na jinsi alivyovikunja ili visionekane.

"Mwambie mkata samaki akuachie matamvua," Mama Usingizi alisema.

"Nitamwambia. Lakini mifupa haina macho, mwanangu, na mifupa ndiyo supu." Alivuta pumzi ndefu. "Najua huna usingizi wa kugawa. Ungekuwa unalala saa hizo nisingekuomba, lakini mtoto anakuweka macho. Asubuhi nikitoka sokoni nitakugongea kabla sijawasha jiko. Utoke hivyohivyo na mtoto wako, uinamie beseni, uninusie kimoja kimoja. Kinachonuka, kitupe mbele yangu. Hata vikinuka vyote, na mimi nimevibeba kichwani njia nzima, sema vyote. Usinionee huruma. Utaliweza hilo?"