Shujaa wa Gerishon Hana Mdomo

Nimemsemea kaka yangu Gerishon tangu tukiwa watoto. Mwalimu akimuuliza swali, mimi ndiye niliyejibu kutoka dawati la nyuma. Alipotafuta kibanda cha kutengenezea redio na televisheni hapa Thika, ni mimi niliyeongea na mwenye jengo. Sikuona ubaya wowote. Gerishon ni mpole mpaka anakera, na mimi, Wanja, nina mdomo wa kutosha watu wawili.

Mwaka wa 1998 mteja mmoja alihamia ng'ambo, akamwachia mashine ya gemu ya kuunganisha na televisheni, pamoja na gemu mbili. Mumbi, aliyeuza chai na mandazi mlango wa pili, akawa anaingia kila alasiri akishamaliza kuuza. Gerishon anabonyeza, Mumbi anasoma Kiingereza cha kwenye kioo na kutueleza kwa Kiswahili. Mfalme wa kwenye gemu, Mumbi alimpa sauti nzito ya chifu wa kwao, na sisi tukacheka.

Katika gemu ya kwanza shujaa hasemi neno. Watu wanamweleza shida zao, mfalme anamtuma vitani, msichana anamlilia, naye amesimama tu na upanga wake. Zamu yake ya kuongea ikifika, zinatokea nukta tatu, kisha unachagua kubonyeza ndiyo au hapana.

"Huyu alikatwa ulimi?" niliuliza.

"Ananyamaza ndio Gerishon aseme," Mumbi akanijibu.

"Na Gerishon anasema nini?"

"Bado tunangoja."

Gerishon alitabasamu huku akiangalia vidole vyake, masikio yamemwiva. Hapo nikajua kaka yangu anampenda huyu mwanamke, na kwamba anaweza kuzeeka bila kumwambia.

Shujaa wa gemu ya pili alikuwa na sauti. Anabishana, anatania, anamtongoza binti wa mfalme kwa Kiingereza kitamu. Nilimpenda papo hapo. Lakini Gerishon aliicheza siku mbili tu, akairudisha kwenye kasha. Nikamuuliza kwa nini.

"Huyo anajibu kabla sijafikiria," alisema. "Kama wewe."

Alisema kwa upole wake uleule, lakini niliumia. Nilimnunia wiki nzima, na nadhani alifurahia huo utulivu.

Mwezi wa nane Mumbi aliingia na chupa ya chai, akakaa kwenye stuli yake, asisome chochote.

"Gerishon, dadangu amefungua hoteli huko Mwiki. Anataka nihamie kwake kabisa, Jumamosi. Niende ama nisiende?"

Kaka yangu akanigeukia, kama alivyonigeukia maisha yake yote. Na mimi nilikuwa tayari. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani: kwamba Gerishon hali vizuri siku ambazo Mumbi haji, kwamba ile stuli hakuna mteja anayeruhusiwa kuikalia. Nikafungua mdomo. Kwenye televisheni yule shujaa wake alikuwa amesimama mbele ya msichana, na zile nukta tatu zimetokea.

Nikaufunga. Nikaanza kuhesabu skrubu zilizokuwa mezani, maana kunyamaza kulinichoma kuliko uji wa moto. Nilifika kumi na tisa. Mumbi hakumharakisha.

"Usiende," Gerishon alisema.

Mumbi bado alikuwa anamtazama, kwa hivyo ikabidi aendelee.

"Mimi sijui kuongea, Mumbi. Lakini ukiwa hapo kwa hiyo stuli, sioni kama nimenyamaza. Ukienda, nitakuwa nimenyamaza kabisa. Nakupenda. Usiende."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo, na hakuna hata moja lililokuwa kwenye hotuba yangu.

Mumbi akamimina chai vikombe vitatu. Kisha akasogeza stuli yake karibu na Gerishon.

"Wanja, umesikia huyu?" akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Kisha nikachukua kikombe changu.