Programu ya pamba Mwanza, alama ya 2, na kaka aliyenifundisha kila kitu akijua ataondolewa

Wakuu, heshima kwenu wote.

Wale wa kusema hii chai, leo mtalala na kiu. Yamenipata mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Ni miaka ya tisini, Mwanza. Biashara ya pamba ndiyo imefunguliwa. Tulizoea ushirika tu, ghafla kila mwenye lori anaitwa mnunuzi. Nikapata kazi kwenye kampuni moja binafsi, ofisi iko juu ya mawe kule Ilemela, ukifungua dirisha unaliona ziwa lote. Mimi binti wa Kijita, nimekulia kwenye dagaa. Pamba nilikuwa naijua kwenye godoro.

Programu ya kupokea pamba iliandikwa na kaka mmoja, nimwite Shija, Msukuma wa Magu. Mpole, ila kwa utani humuwezi.

Sasa huyu kaka macho yake yalikuwa yanakufa. Daktari alishamwambia hayarudi. Alikuwa anasogeza uso mpaka pua inagusa kioo cha kompyuta, na bado anakisia.

Bosi akaamua nifundishwe programu, kisha mtaalamu kutoka Dar aje kukagua kama naiweza peke yangu. Hakusema zaidi, lakini ofisi nzima ilielewa. Nikiiweza, Shija hana kazi. Nisipoiweza, hakuna wa kumgusa.

Ndugu zake walimshauri asinifundishe, abaki nayo kichwani. Aliniambia mwenyewe, tena anacheka.

Basi tukaanza. Mimi namsomea code mstari kwa mstari, yeye ananitajia cha kuandika pembeni. Yale maelezo ambayo kompyuta inayaruka, yamewekwa kwa ajili ya binadamu. Wenyewe wanaita comment.

Msiojua code msikimbie, ni rahisi. Diski ilikuwa imegawanywa vipande, tunaviita block. Kila block ina alama. 0 iko wazi. 1 ina uzito wa pamba ya wakulima. Kwenye 2 Shija alikuwa ameandika "haina kitu", basi.

Diski ilikaribia kujaa. Nikamwambia hizi za 2 tuzigawe, si hazina kitu?

Akaweka kiganja juu ya kibodi, nisiguse.

Akaniuliza kama nimewahi kupanga foleni ya kuuza pamba. Nikamjibu kwetu foleni ni ya samaki, ukiondoka umeondoka.

Ndipo akanieleza. Kwao mkulima akichoka kusimama anaweka jiwe kwenye nafasi yake, anaenda kutafuta uji. Jiwe likishakaa pale hakuna anayepasogelea, hata foleni ifike barabarani. Wewe mgeni utaona pako wazi.

Na 2 ndiyo hiyo. Kijiji kimefungua kituo cha kununulia, programu imekishikia block mapema, uzito utakuja na lori kwenye floppy, ile diski ndogo ya kubeba mkononi. Ukimpa mwingine ile block, floppy ikifika haina pa kuingia, na mkulima wa watu anaambiwa hajaleta pamba.

Hakuwa ameandika yote hayo kwa sababu Magu kila mtu anajua. Hakuwaza kwamba siku moja itasomwa na Mjita!

"Andika hivi," akasema. "2, haina kitu bado, lakini ina mwenyewe. Imeshikiwa kijiji ambacho uzito wake haujafika. Usimpe mwingine hata diski ikijaa."

Nikaandika. Halafu nikaacha kubonyeza. Wakuu, kila comment niliyoandika ilikuwa inamsogeza mlangoni, na mimi ndiye ninayebonyeza. Nilikuwa nampenda tayari, sioni sababu ya kuzunguka. Nikamwambia tuache hapo, nitasema sijaelewa.

"Nikinyamaza nitabaki na kazi," akasema. "Siku nisiyoona kabisa, utafuta pamba ya watu bila kujua, na watakulaumu wewe. Andika, Mjita."

Mtaalamu akaja. Akasoma, akafika kwenye 2, akaniuliza maana yake. Mtauliza kwa nini sikujifanya mjinga. Nilitaka sana. Lakini Shija alikuwa amekaa palepale chumbani anasikiliza, nikashindwa kudanganya mbele yake. Nikajibu yote.

Bosi akamshukuru Shija mbele ya watu, mwisho wa mwezi akamwachisha. Nilimchukia yule bosi mpaka salamu yake nikawa siitikii.

Siku ya safari yake ya kurudi kwao Magu nikamsindikiza stendi, nimebeba begi lake. Nilipanga kumkalisha kwenye kiti niteremke. Sikuteremka. Konda alipopita nikamwambia tuko wawili, na Shija akanitafuta mkono akaushika.

Kwao mama yake akatoka. Nikapiga goti, shikamoo mama. Akaitikia marahaba, akamwuliza mwanawe huyu ni nani.

"Ndiye anayenisomea," Shija akasema.

Yule mama akaniangalia, akamwangalia mwanawe namna alivyonigeukia na macho yasiyoona. Akaniambia karibu ng'wanawane, yaani mwanangu, akanichukulia lile begi.

Tukafunga ndoa. Nilirudi kazini, yeye akaja kukaa kwangu Ilemela, na programu ikinishinda namwuliza nyumbani. Bosi alikuwa anamtumia bure bila habari.

Nilichojifunza: mtu anayekuachia ujuzi wake wote, huku kukufundisha kunamgharimu riziki, huyo mshike. Na ninyi vijana wa code, andikeni kwa ajili ya mtu ambaye hakukulia kwenu.

Haya, uwanja wenu, hasa mliopitia pamba miaka ile. Andikeni kwa kirefu msibane. Maoni yote nayasoma kwa sauti, kuna mtu yuko hapa kwenye kochi ameshaniuliza mara mbili kama mmeanza kujibu.