Waliandika Haijambo

Mume wangu Ngwali alikuwa mshona kofia. Nasema alikuwa, na nikisema hivyo nataka kutukana, basi tu nimetawadha. Hapa kwetu Wawi, Pemba, ukimuona mtu kavaa kofia ya kazi, vitobo vidogo vidogo vimepangika, ujue ni mkono wa Ngwali. Alikuwa akishona huku anabishana habari za mpira barazani, wala haangalii sindano inakwenda wapi.

Mwaka juzi kikampiga kiharusi, upande wa kulia. Mguu ukarudi, mdomo ukarudi, na ubishi ndio uliorudi kabla ya vyote. Mkono ukagoma. Bwana Heriel, mtu wa Moshi anayefanyisha watu mazoezi ya viungo hospitali, akampa kimpira cha kuminya. Ngwali kakiminya mara mbili, kakitupa uvunguni. "Mie si mtoto mchanga, Mwanamize." Nikakiokota, akakitupa tena. Heriel akaniambia, "Bi Mwanamize, mtafutie kitu anachokipenda, chenye vitufe. Dole gumba likipata kazi, vidole vingine vitafuata. Vikikaa bure vitajikunja, na vikishajikunja ni taabu kuvikunjua."

Himid, mpwa wetu aliyeko Unguja, akanunua mashine ya gemu ya mpira, mpya, na dhamana yake ya mwaka mzima. Wallahi nilicheka! Mzee ana ndevu nyeupe, kakaa mkekani na pedi ya kuchezea mkononi, anamfokea golikipa! Lakini dole gumba likaanza kubonyeza. Mwanzo kwa kutetemeka, baadaye kwa hasira, maana akikosa penalti alikasirika mpaka akasahau kama yuko mazoezini. Ikafika siku akaokota sindano kwa mkono wa kulia. Hakushona, aliishika tu, akaniinulia niione. Nililia mbele yake bila ya haya. "Ramadhani ikifika," akasema, "nitakuwa nishaanza kofia."

Haukupita muda mashine ikafa. Taa inapepesa, picha hakuna. Fundi wa Chake Chake alitaka kuifungua, Himid akakataza: ikiguswa na fundi wa mtaani dhamana hakuna tena. Pigeni simu huduma kwa wateja.

Huduma! Kefule! Kwanza unaimbiwa muziki mpaka sikio linawaka moto. Kisha mtu anakuuliza, umeizima ukaiwasha? Nimeizima nikaiwasha. Umeichomoa? Nimeichomoa. Kesho anapokea mwengine, anaanza alifu kwa kijiti: umeizima ukaiwasha? Walitupiga danadana namna hiyo, na kila mmoja anamalizia, "Samahani kwa usumbufu, mpendwa mteja." Mpendwa wa nani? Anayenipenda mie ni Ngwali, na yeye mwenyewe ananibishia.

Mwisho akapatikana dada mmoja, Severina, sauti yake ya upole. Akachukua maelezo yetu yote, akaahidi atapiga mwenyewe kutuambia mashine tuipeleke wapi. Na kweli akapiga. Mie nilikuwa uani nafua, simu akaipokea Ngwali, spika juu. Nikasikia wanasalimiana vizuri: hujambo, sijambo, na nyumbani hawajambo, hawajambo.

"Na mashine, mzee, haijambo?"

"Haijambo, alhamdulillahi," akasema Ngwali. "Lakini..."

"Tunashukuru sana, mzee. Siku njema."

Simu ikakatika.

Nilitoka mbio, mikono imejaa povu. "Haijambo gani, Ngwali? Haijambo gani, na kitu kimekufa?"

"Sasa nimjibu mtoto wa watu kwa ubaya, na salamu hata hazijesha?"

Nilikuwa na hamu ya kumzaba kibao, tena kwa upande ulio mzima. Lakini ndivyo tulivyo. Sisi hata maiti awe amelala ndani, ukiulizwa hali utasema njema, kisha ndiyo unasema ila tumefiwa. Kila mtu hapa anajua kuisubiri hiyo ila. Severina hakuisubiri.

Povu halijakauka, ujumbe ukaingia: "Ndugu mteja, tumefurahi kusikia kifaa chako kiko salama. Ombi lako limefungwa."

Kulifungua hilo ombi ilikuwa kazi kuliko kulifungua kaburi. Tumepigwa kalenda, piga kesho, piga Jumatatu, mfumo uko chini. Siku mfumo ulipopanda, kijana mmoja akaniambia kwenye maandishi yao mashine ilishapona, kwa hiyo hii ni hitilafu mpya, na dhamana imekwisha wiki iliyopita.

"Si mnarekodi simu zenu? Hebu isikilizeni ile!"

Akaisikiliza. "Mama, mzee mwenyewe anasema haijambo."

"Na lakini yake huisikii?"

"Baada ya hapo simu imekatika, mama."

"Kaikata nani?"

"Samahani kwa usumbufu, mpendwa mteja."

Nilimtukana. Nilimtukana yeye, na muziki wao, na mfumo wao, mpaka jirani akachungulia ukutani. Sijuti hata kidogo.

Nikaibeba mashine kwa fundi wa Chake Chake. Akaifungua, akaguna. Mwanzo, anasema, ingekuwa kazi ndogo. Huku kuizima na kuiwasha ndiko kulikoiunguza ndani moja kwa moja. Nilirudi nyumbani nayo kwapani.

Usiku ule Ngwali akaniomba kile kimpira cha kuminya. Kakiomba mwenyewe, na hapo ndipo nilipojua kuwa ameingiwa na hofu. Nikakiweka kiganjani, kikaporomoka. Heriel alipokuja akavinyoosha vidole kimoja kimoja, vikajikunja tena. Siku hiyo hakutaka hata chai.

Juzi baada ya alasiri simu ikalia. Si mtu, ni sauti iliyorekodiwa, inataka kujua tumeionaje huduma yao. Umeridhika, bonyeza moja. Hukuridhika, bonyeza mbili.

Nikanyoosha kidole. "Lete hapa," akasema Ngwali. "Mie ndiye nitakayebonyeza."

Akaiweka simu pajani, akauleta mkono wa kulia. Dole gumba lilikuwa limelala ndani ya kiganja. Akalisukuma, mishipa ya shingo imemtoka, jasho linamtiririka. Nikataka kumsaidia, akanizuia kwa bega.

"Hatujapata jibu lako," ile sauti ikasema. "Tunachukulia kuwa umeridhika. Asante kwa kutuamini."

Ikakata. Ngwali alikuwa bado anaitafuta mbili.