Meneja wa Karakana ya Makochi

Fundi Makochi hakuwa na mume wala hakumtafuta. Akiulizwa habari hizo, alinyoosha nyundo kuelekea kwa mbwa wake. "Yule pale anakoroma kwa niaba ya wote."

Mbwa huyo aliitwa Meneja, kwa kuwa hakufanya kazi yoyote ila kazini alikuwepo kila siku. Lilikuwa jibwa la kahawia lenye kifua cha bondia, na ofisi yake ilikuwa kochi lolote lililokwisha kuvishwa kitambaa kipya. Wateja waliokuta manyoya juu ya makochi yao wakilalamika, Fundi aliwajibu kwamba hayo ni nyongeza, hawatozwi. Alimwokota akiwa kitoto, siku aliyomfuma chini ya meza anatafuna sponji. Alimtoa nje. Akarudi. Akamtoa tena, akarudi na kiatu cha mtu. Fundi akasema basi, huyu ameshajiajiri.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine, na hilo ndilo lililomkera baadaye. Mchana Meneja alikula kwa mtindo wake, yaani kama mtu anayekimbizwa, akayafagia maji ya ndoo, kisha akatoka kumfukuza paka wa kinyozi wa jirani. Aliporudi hakupanda kochi. Alisimama katikati ya karakana, akainamisha kichwa, akajikaza kutapika. Hakikutoka kitu ila povu.

"Ulafi huo," Fundi akamwambia, misumari imejaa mdomoni. "Nimeshakukanya mara ngapi?"

Meneja akajaribu tena, bila kitu. Akalala, akainuka, akazunguka, akamtazama. Fundi alipomshika ubavuni, tumbo lilikuwa limewambika kama ngoma. Akatema misumari yote sakafuni, akampigia simu shemeji yake, mume wa mdogo wake, ambaye pikapu yake ndiyo iliyosambaza makochi.

Shemeji alifika na kochi la mteja limefungwa nyuma. Hapakuwa na muda wa kulishusha. Basi Meneja alipelekwa kwa daktari wa mifugo amelala juu ya kochi jipya, Fundi ameketi kando yake, amemkumbatia kichwa. Watu barabarani waliwapungia mikono kama maharusi. Mmoja akapiga vigelegele. Fundi, asijue la kufanya, naye akapunga.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye mikono myepesi. Alimpapasa mara moja tu, uso ukabadilika.

"Tumbo limejaa hewa, mama, halafu limejisokota, kama mdomo wa mfuko unavyosokotwa. Damu haipiti. Namwingiza kwenye upasuaji sasa hivi."

Fundi alingoja kwenye benchi, huku mikono ikipima kitambaa cha benchi hilo bila yeye kutaka. Daktari alirudi mapema mno.

"Moyo wake haukuhimili, mama. Pole sana."

"Ni chakula? Ni mimi niliyemlisha?"

"Kula haraka kunachangia. Lakini wapo wanaokula taratibu na bado linawapata, hasa mbwa wakubwa wenye vifua kama chake. Ulimleta upesi. Ugonjwa huu una mbio kutushinda."

Walimzika nyuma ya karakana. Kesho yake Fundi alifungua mlango kama kawaida. Mteja wa kwanza akauliza, "Meneja yuko wapi leo?"

"Amestaafu."

Wa pili akaambiwa amehamishiwa makao makuu. Wa tatu alipouliza, Fundi alifungua kinywa, na utani ukagoma kutoka.

Mdogo wake ndiye aliyemkuta ameketi sakafuni. "Dada, jikaze. Yule ni mbwa tu, utapata mwingine."

"Na wewe nikikukosa, nikatafute mdogo mwingine?"

Ili mikono ipate shughuli, mdogo mtu akachukua ufagio, akaanza kufagia manyoya kochini.

"Yaache hayo!"

Akauweka ufagio, akaketi sakafuni naye. "Alikula viatu vyangu vya harusi," akasema.

"Kimoja tu."

"Na kilichobaki ningekwenda nacho wapi?" Hapo wote wawili wakalia, tena kilio cha haja, mpaka kinyozi akachungulia mlangoni, akaona hayamhusu, akaondoka kwa ncha za vidole.

Baada ya hapo Fundi aliingiwa na wazimu wa aina yake. Kila aliyepita na mbwa alisimamishwa na kufunzwa: tumbo likivimba, akijikaza kutapika bila kitu, usingoje hata dakika! Wengine walianza kuzunguka mtaa wa pili.

Mwalimu mstaafu wa hesabu hakuwahi kuzunguka. Siku moja alipita na mbwa wake jike, mwembamba wa miguu, tumbo linayumba huku na huku.

"Mwalimu! Tumbo hilo limeanza lini?"

"Siku hizi amekuwa na hamu kubwa ya kula."

"Shemeji!" Fundi akapiga kelele. "Leta gari!"

Walifika kwa daktari wakihema, mwalimu ametota jasho. Daktari akapapasa, akasikiliza, akapapasa tena, akaanza kuuma midomo.

"Hawa ni watoto, mama. Tena si haba."

"Haiwezekani," mwalimu akasema. "Huyu hatoki bila mimi."

"Basi, mwalimu, kuna hesabu moja imekuponyoka."

Fundi alicheka. Alianza kwa kukohoa, akashika meza, akacheka mpaka machozi yakamtiririka, na hakuna aliyemuuliza machozi hayo ni ya nini hasa. Shemeji, aliyekuwa mlangoni na ufunguo wa gari mkononi, alimwacha acheke.

Mtaani wapo waliodai baba ni Meneja. Fundi alikanusha papo hapo: Meneja alikuwa mvivu hata wa hilo. Watoto walipozaliwa weusi tii, wenye miguu ya stuli, mjadala ukafungwa.

Mwalimu alitaka kumpa mmoja. Fundi akasema hapana, moyo bado haujatulia, asimharakishe. Alichokubali ni kuwashonea godoro kwa vipande vya sponji vilivyobaki. Alilipeleka mwenyewe, akaketi sakafuni kuonyesha upande wa kulalia, na chai aliyokaribishwa ikapoa huku mmoja wa wale weusi akivuta kamba ya kiatu chake.