Nusu ya Kichwa

Mu soko ya Kikula, mama musukaji anajua batoto ku bisogo. Bidole yake inasuka, mudomo haipumzike: anasengenya bamapasta, na batoto mbele yake banacheka mupaka mustari ya nywele inapinda. Orpa, mutoto mwenye anasukwa leo, ye hacheke. Anajibu tu akiona mudomo ya musukaji mu kioo. «Ni kichwa nguvu,» mama yake analalamika. «Unamuita mara kumi! Namuchapa, pasta amemufungisha kula siku tatu, bure!»

Musukaji akafunika kioo na kitenge, akapiga kelele kwa nguvu nyuma ya mutoto: «Yoo! Nyoka mu nywele!» Mama Orpa akaruka, kiti ikaanguka. Orpa akaendelea kutafuna bisikwi yake.

«Mama Orpa, unachapa masikio yenye haisikie. Mupeleke ku lopitalo, kwa munganga.»

«Sa va, dada, tutaenda. Maliza kwanza.»

Musukaji akaweka kitana chini. Upande moja ya kichwa ilikuwa misuko safi, ingine ilisimama kama jogoo mwenye kukasirika. «Hii ingine nitasuka siku munganga ataangalia masikio. Tembea naye hivi.»

Mama Orpa akatazama kile kichwa, akatazama soko yote yenye kucheka.

«Lopitalo inafunguka saa ngapi?»