Uliza Kwanza Habari za Mwami

Nakumbuka siku moja ya soko katika milima ya Masisi, ningali kijana mwenye miguu myepesi na kichwa kigumu. Tulikuwa tumepanda lori kwenda kununua maharagwe, mimi na Muzee Kasereka, mfanyabiashara wa Butembo aliyenifundisha kazi. Lori halijasimama sawasawa, nimesharuka, nimewaendea wamama wenye mifuko.

"Mama, mufuko ni bei gani?"

Muzee akanishika kola mbele yao wote. "We mutoto, umemuuliza nani habari za mwami?"

"Mwami? Muzee, mimi nimekuja kununua maharagwe!"

Wamama wakacheka. Mmoja akasema, "Muache, muzee. Huyu ana njaa, atakula hata mufuko wenyewe."

Muzee akanivuta hadi kwa mwenyeji wetu, akakaa, akauliza polepole habari za mwami, mtawala wa milima ile, kama desturi yetu ilivyotaka. Mwami ni mzima? Anapatana na ndugu zake? Nani analinda barabara? Maharagwe yalikuja mwisho kabisa. Kumbe mwami alikuwa amegombana na mdogo wake, na barabara ilikuwa karibu kufungwa. Tuliteremka mikono mitupu siku hiyo hiyo. Waliokimbilia bei walikwama kule mpaka maharagwe yakaota ndani ya mifuko. Njiani muzee aliniambia, "Bei inapikwa kwa mwami. Sokoni wanaipakua tu."

Mwanangu, wewe uliyekuja kuniuliza habari za safari, mimi sikusoma. Primaire yenyewe sikuimaliza. Lakini nyumba ya ghorofa ninayokaa hapa Murara nimeijenga mwenyewe, na hakuna mwenye diplome aliyenipa hata msumari. Somo lile nililibeba mpaka China, nilipoanza kwenda kutafuta vitenge na masufuria ya duka langu la mtaa wa Birere, humu humu mjini.

Kule nilikuwa na mkalimani, mtu wa huko, mwenye masihara mengi, aliyeniita papa, yaani baba. Kila safari, tukikaa kula, nilimuuliza: mwami wenu ni mzima? Anapatana na ndugu zake? Alikuwa anacheka mpaka machozi, kisha ananieleza kwamba chama chao ni kimoja tu, lakini ndani yake wakubwa wanavutana, na mkubwa wa wote akimaliza muda wake anaondoka, anakuja mwingine. Halafu ikafika safari moja, wakati ule walipofuta kipimo cha miaka ya mkubwa kukaa kitini. Nikauliza kama kawaida. Safari hiyo hakucheka. Alimtazama mhudumu, akanimiminia chai.

"Papa, kula samaki."

Nikala samaki, lakini nilielewa. Mahali ambapo watu wazima wanaogopa kumtaja mkubwa wao mezani, siku akikosea hakuna wa kumwambia.

Mtoto wangu wa kwanza wa kumzaa, Muhindo, alikuwa ameshahamia huko, ana bureau yake, ofisi ya kupakia konteneri za wafanyabiashara wa kwetu. Nikamwambia asiweke maisha yake yote pale.

"Papa, hiyo ni politiki," akasema. "Mimi niko commerce."

Ndipo ule ugonjwa ukaingia duniani. Nchi nyingi zilifunga, kisha zikafungua. China iliendelea kufunga. Mkubwa alishasema ugonjwa hautapenya, na nani angemwambia basi, inatosha? Viwanda vilisimama, mizigo ikalala bandarini, na hapa Birere mama muuza maandazi alikuta sufuria limepanda bei bila kujua ni kikao gani kimelipandisha. Hayo niliyavumilia. Lakini ni wakati huo huo mke wangu, Kavira, alipolala kitandani asiinuke tena, akawa anamtaka mtoto wake.

Nikampigia Muhindo. "Rudi."

"Papa, nikitoka hawataniacha niingie tena. Bureau itakufa."

"Na mama yako?"

"Wanasema watafungua karibuni. Tungoje kidogo, papa."

Kavira alikuwa ameyasikia yote. Akaniuliza, "Ule mukubwa wao, iko na mama?"

Nilimfunika miguu.

Tulimzika Kavira, Muhindo akitazama kwenye simu, picha ikikatika-katika. Baadaye vijana wa kule walitoka barabarani kupinga kufungiwa, na karatasi nyeupe mkononi, zisizoandikwa kitu, na haukupita muda mlango ukafunguliwa ghafla, kama vile haujawahi kufungwa.

Muhindo yuko huko bado. Jumapili ananipigia, tunaongea bei za konteneri, hatumtaji mama yake. Sasa na hapa kwetu, tangu waasi waushike mji, ndege hazitui, benki zimefungwa, na kwenye vyumba vya juu vya nyumba hii sijapanda muda mrefu. Nasonga bugali wa mtu mmoja, na bado unabaki.

Kwa hiyo wewe unayetafuta viza, nisikilize. Kabla ya kuuliza bei, uliza nani anatawala pale na nani anaweza kumwambia hapana. Wakikujibu kwa kukusukumia sahani, fanya biashara yako, lakini usihamishie huko maisha yako yote. Na mzazi wako akikuita, usingoje wakubwa wa watu wamalize kikao chao. Toka siku hiyo. Bureau ikifa utaanza nyingine, na mimi naijua kazi ya kuanza upya, haiui mtu.

Mungu akufungulie njia ya kwenda, mwanangu. Ya kurudi aifungue mapema, ukute bado kuna mtu wa kukupokea.