Daktari Aliyetia Sumu

Wiki hii, kwenye basi la kwenda Shiling, mji wa Uchina ambako wafanyabiashara wetu wa Guangzhou hufuata mikoba, mzee mmoja wa Kizungu aliketi mbele yangu, karibu na mama wa Kizanzibari. Mama akamkazia macho, kisha akasimama ghafla.

"Mwanangu," akaniambia, "mie huyu sikai naye. Ndiye yule daktari wa kwenye tamthilia, aliyemtilia sumu mgonjwa wake. Nimemwona kwa macho yangu!"

Nikamtafsiria mzee kwa Kiingereza. Akatabasamu. Kumbe ni mwigizaji kutoka Ujerumani, na kwa sababu ya uso wake mkavu, tangu ujana hupewa nafasi za wauaji, mahakimu wala rushwa na madaktari kama yule. Mhusika mkuu hajawahi kuwa. Hata hapa Uchina ameitwa aigize tajiri katili anayekufa mapema.

"Kwetu watu hunisimamisha njiani," alisema, "wakidhani ni mimi niliyewahi kuwang'oa meno. Jina langu hawalijui. Hebu muulize, aliniamini kweli?"

"Kumwamini?" mama akajibu. "Nilizima televisheni, nikalia."

Nilipomaliza kutafsiri, mzee alifunika uso kwa viganja. Kisha akatoa peremende mbili mfukoni, akampa mama moja. Mama akaketi, akaigeuzageuza.

"Mwambie ahsante. Lakini ale yake kwanza."

Mzee akala, akicheka huku machozi yakimtoka. Waigizaji wengine hupewa tuzo jukwaani. Huyu nilimwona akipewa yake ndani ya basi, na mpaka tunashuka, mama alikuwa hajaifungua ile peremende.